Nilimlazimisha pacha wangu anipe dripu ya ujana

Wakuu, salamu kwenu wote, wenyeji na wageni wa jukwaa.

Mimi humu ni msomaji tu. Napita kimyakimya, nacheka na mambo yenu, naondoka zangu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu juzi kuna dada alianzisha uzi anaulizia dripu ya kurudisha ujana inapatikana wapi, na watu wakawa wanamwelekeza kama vile anaulizia sabuni ya kufulia.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi. Sitii chumvi. Pale nilipokuwa mbaya nitasema nilikuwa mbaya, na pale mwenzangu alipokuwa na maringo nitasema pia, maana alikuwa nayo, tena mengi.

Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni Muha wa Kigoma, naishi Kasulu mjini, nauza vitenge sokoni. Nimezaliwa pacha.

Kwetu pacha hawasumbui watu kutafuta majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, imekwisha hiyo. Mimi ni Butoyi. Bukuru alinitangulia kwa muda mfupi tu, mkunga hata mikono hakuwa amenawa, lakini alinitawala maisha yangu yote kwa huo muda mfupi.

Tulikulia Makere. Tulikuwa tunafanana mpaka mwalimu wa darasa la kwanza alimfunga Bukuru uzi mwekundu mkononi ili amjue. Tulikuwa tunavua ule uzi tunabadilishana.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze hapa, bila hilo hamtanielewa.

Kwetu nyumbani mapacha hawanyimani. Akishonewa gauni mmoja, na mwingine anashonewa. Akipewa kipande cha samaki, mgebuka, mmoja, cha pili kinakatwa sawasawa. Na dawa ilikuwa hivyohivyo. Bukuru akishikwa na malaria, mama anampa vidonge, halafu anamega kipande ananipa na mimi nilambe, na mimi ni mzima kabisa nacheza nje. Ukiuliza kwa nini, mama anasema mwili wa pacha una wivu. Ukiona mwenzake kapewa na wenyewe haukupewa, unajiuguza.

Mimi sasa hivi nacheka, lakini nimekua naamini hivyo.

Turudi kwenye mada.

Bukuru aliolewa Kibondo na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Mwanaume ana duka kubwa, ana nyumba ya vigae, ana kila kitu. Mimi nikaolewa na Baba Neema, fundi seremala, mtu mwema, lakini wema haupakwi usoni. Mwenzangu anakaa dukani kwenye feni, mimi nakaa sokoni kwenye jua na vumbi la Kasulu. Mtu yeyote mwenye akili anajua nani atazeeka kwanza.

Hata hivyo mpaka tunafika umri wa miaka arobaini na kitu tulikuwa bado tunakwenda sambamba. Mkunjo ukitokea kwake, baada ya muda na kwangu unatokea. Nilikuwa nauangalia uso wake kama kioo.

Mwaka 2013 akaenda Dar kukaa kwa mwanawe mkubwa. Alikaa huko miezi mingi. Mwishoni mwa mwaka tukawa na sherehe ya kumuaga binti wa kaka yetu hapa Kasulu, naye akaja.

Wakuu, aliposhuka kwenye gari mimi nilidhani ni binti yake.

Ngozi inang'aa. Shingo haina hata mstari. Ule weusi wa chini ya macho tuliorithi wote kwa mama, kwake haupo. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya machungwa, na anatembea polepole kama mtu anayejua anaangaliwa.

Nilimkumbatia nikasema "Dada umependeza," na moyoni nasema, huyu kafanya nini huyu.

Sherehe ilikuwa mateso. MC alisimama akasema, "Sasa tumkaribishe shangazi mkubwa wa bibi harusi, akisindikizwa na mdogo wake," mkono umeelekezwa kwangu kwenye neno mkubwa. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Bukuru hakumsahihisha. Alitabasamu tu, akanishika mkono kama anamsaidia bibi kupanda ngazi.

Kwetu mdogo akimsalimia mkubwa anainama na kupiga makofi taratibu. Basi wale wasichana wa bibi harusi walikuwa wakifika kwangu wanainama, makofi, shikamoo mama. Wakigeuka kwa Bukuru ni mambo dada, na kushikana mikono, na kucheka.

Halafu mume wangu, yule fundi seremala mwema, akasema mezani mbele za watu, "Hivi ninyi mna uhakika mlizaliwa siku moja?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Usiku ule nilikaa mbele ya kioo nikavuta ngozi ya mashavu kwa nyuma. Wanawake wenzangu mnajua nazungumzia nini. Ukivuta unajiona ulivyokuwa, ukiachia unajiona ulivyo.

Kesho yake nikamuuliza wazi, "Bukuru, unapaka nini?"

"Sipaki kitu. Namshukuru Mungu tu. Nakunywa maji mengi, nalala mapema."

Nafungua mabano kidogo hapa. Mwanamke yeyote aliyebadilika ghafla akakwambia ni maji mengi na kulala mapema, anakudanganya. Maji hata sisi tunakunywa. Nafunga mabano.

Nilikaa na kile kidonda wiki kadhaa. Nikajaribu ya kwangu. Nilirudia mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi tuliyokuwa tunapakwa utotoni, nikasugua tango, nikasugua unga wa dengu, mpaka Baba Neema akaniuliza kama napika au naoga. Hakuna kitu.

Mwanzoni mwa 2014 nikafunga biashara siku moja nikaenda Kibondo bila kumwambia. Nilijisemea naenda kumsalimia. Uongo. Nilikuwa naenda kupeleleza.

Nilifika nikapitia mlango wa uani. Chumba cha nyuma nikakuta pazia limeshushwa, na nyuma ya pazia Bukuru kajilaza kwenye kochi, mkono umenyooshwa, chupa ya dripu imening'inia kwenye msumari wa pazia. Pembeni kuna mwanamama amekaa anasuka kikapu. Huyu nilikuja kujua aliwahi kufanya kazi za usaidizi zahanati huko nyuma, na sasa anazungukia wanawake wenye uwezo majumbani kwao. Sisi tulimwita Mama Dripu, jina lake la kweli halina umuhimu.

Kwanza nilidhani Bukuru anaumwa. Nikataka kupiga yowe.

Akaniona, akaruka kidogo, akasema, "Butoyi! Mbona hukupiga simu?"

Nikaangalia mezani. Vichupa vidogo vya glutathaioni, ile dawa ya kung'arisha ngozi, na vya vitamini C, vilivyoandikwa maandishi ya nje ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Kopo la vidonge vya kolajeni. Kopo lingine la vidonge vya kijani ambavyo Mama Dripu alisema ni "vya kusafisha ini ili dawa ipenye."

Nikaelewa yote kwa mara moja.

Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. Nikasema, "Kumbe unakula peke yako."

Wakuu, kwa pacha wa kwetu hilo ni tusi. Alinywea.

Akajitetea. "Siyo hivyo. Wewe una presha, Butoyi. Ulipojifungua Neema ulikaribia kufa kwa presha. Hii kitu sijui kwako itakuwaje."

Na hapa muone wivu unavyofanya kazi. Mtu ananiambia neno la maana kabisa, pengine neno la maana kuliko yote aliyowahi kuniambia, mimi nasikia mtu anayeficha chungu. Nikasema moyoni, presha imekuwa kisingizio, anataka abaki binti mimi niwe shangazi mkubwa.

Nikatoa simu palepale nikampigia mama Makere. Nikalia. Nikamwambia, mama, Bukuru anatibiwa dawa nzuri, mimi ananinyima.

Mama ni mzee, hajui glutathaioni ni mdudu gani. Yeye alisikia neno dawa na neno ananinyima. Akasema nimpe simu Bukuru. Nilimsikia kwa sababu anapiga kelele kwenye simu kama yuko ng'ambo ya mto.

"Bukuru, mwana wanje, tangu lini unamnyima mwenzio dawa? Unataka mwili wake uharibike? Mpe."

"Mama, hii siyo ya malaria..."

"Mpe!"

Bukuru akasema ego, mama, yaani ndiyo. Akakata simu. Akamwangalia Mama Dripu, akasema, "Mtundikie na yeye."

Mama Dripu hakunipima presha. Hakuniuliza chochote. Aliniuliza tu kama naogopa sindano.

Sasa tuseme ukweli kuhusu faida, maana humu watu wanapenda kusikia upande mmoja.

Nilipendeza. Sitawadanganya. Baada ya kutundikiwa mara kadhaa, na vidonge asubuhi na jioni, uso ulijaa, ngozi ikawa laini, ile rangi ya vumbi ikatoka. Wateja sokoni wakaanza kuniambia mama Neema umebadilika. Kijana mmoja wa bodaboda aliniita "sista." Nilirudi nyumbani naimba. Baba Neema alianza kurudi mapema kutoka karakana, na mwenye kuelewa ameelewa.

Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nakiona ni maji. Akasema loweka maharage uone, mikunjo yote inaondoka, lakini hayajarudi kuwa mabichi. Muuza maharage yeyote wa Kibondo angenielewesha hivyo, sikuuliza tu.

Na huku kwetu maji ya dripu yanaheshimiwa kuliko kitu chochote. Mtu akichoka baada ya kuvuna anasema nikatundikiwe maji. Akipewa vidonge anaona amedharauliwa. Dawa ya kweli ni ile inayoning'inia. Kwa hiyo kitu kikiingia mwilini kwa mpira na sindano, nani atakuambia kina madhara?

Ningeridhika pale ningekuwa salama, labda.

Tatizo ni kwamba Bukuru alikuwa bado ananizidi.

Tulikutana Pasaka kwa mama, tukapigwa picha. Nikaiangalia ile picha kwenye simu nikaikuza. Mimi nimependeza, ndiyo. Yeye kapendeza zaidi. Nikajiuliza, kwani ananipa nusu? Ananichanganyia maji mengi dawa kidogo? Nikakumbuka yeye alianzia Dar, ana miezi mingi mbele yangu. Kama kawaida yake, katangulia.

Basi nikamtafuta Mama Dripu pembeni. Nikamwomba awe anakuja na Kasulu, kwangu, siku Baba Neema akiwa karakana, na Bukuru asijue. Alikubali bila kusita. Kwa hiyo nikawa natundikiwa Kibondo na dada yangu, na natundikiwa Kasulu peke yangu. Vidonge vya kijani nikaongeza, nikawa nameza mara mbili ya alivyosema.

Yaani mimi niliyelalamika kwamba anakula peke yake, sasa nikawa nakula peke yangu. Wakati ule sikuliona hilo hata kidogo. Nilikuwa naona namfukuzia.

Na dawa za presha nilikuwa nimeacha kumeza. Mama Dripu alisema zinagombana na ngozi.

Kuelekea katikati ya mwaka Bukuru alianza kuvimba. Kwanza macho asubuhi. Anaamka kope zimejaa, mchana zinashuka. Halafu miguu, viatu vyake vya kisigino vikawa havimwingii.

Nitasema hili kwa sababu niliahidi ukweli. Nilipomwona amevimba uso, nilifurahi. Siyo furaha ya kucheka, ile ya ndani, inayopita kama upepo wa baridi kwenye joto. Nikasema, sasa tutalingana.

Yeye akaona ngozi inalegea, na Mama Dripu akamwambia mwili unadai, tuongeze. Wakaongeza. Mtu anavimba kwa maji, wanamtundikia maji.

Halafu kutapika. Halafu mkojo ukawa kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Mumewe akamkimbiza hospitali ya Kibondo, wakampa rufaa haraka, na mwisho wa yote akafikishwa Dar kwa mwanawe.

Figo zimefeli, zote mbili. Akaanza kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Mama Dripu alihama Kibondo wiki hiyohiyo. Vichupa hakuna aliyevipeleka kupimwa, alikusanya vyote akaondoka navyo. Ndiyo maana hata daktari hakuweza kusema kwa hakika ni kipi kilichoziua figo zake. Alisema inaweza kuwa vitamini C nyingi mno kwenye mshipa, inaweza kuwa vidonge vya kijani, inaweza kuwa uchafu ndani ya vichupa, inaweza kuwa vyote. Watu wanaouza hivi vitu wanapenda sana sentensi hiyo, kwamba hakuna uhakika. Kwa hiyo nami nawaachia kama nilivyoipokea.

Kikao cha ukoo kikakaa. Madaktari walikuwa wamesema mashine itamsogeza, lakini tiba yenyewe ni kupandikizwa figo nje ya nchi, na atafutwe ndugu wa kutoa. Mwanawe mkubwa alipimwa, damu haikuendana. Binti yake alikuwa na mimba. Mume ana kisukari.

Halafu daktari akauliza kama mgonjwa ana ndugu wa kuzaliwa naye. Wakamwambia ana pacha, wanafanana mno. Wakasema daktari alisimama kutoka kwenye kiti. Akasema pacha wa kufanana ndiye bora kuliko watu wote duniani, mwili wa mgonjwa hautaikataa figo yake, utaiona kama ni ya kwake.

Nikapigiwa simu nikiwa sokoni.

Mnataka kujua nilijisikiaje? Nilijisikia malkia. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe Bukuru anahitaji kitu na kitu hicho ninacho mimi. Sokoni walinichangia nauli. Mchungaji aliniombea kanisani nikiwa nimesimama mbele. Mama alinishika kichwa akalia. Nilipanda basi la kwenda Dar nikiwaza jinsi watakavyosema maisha yote, Butoyi ndiye aliyempa mwenzake uhai. Hata akipendeza vipi, ndani yake kuna figo yangu.

Sikuwa na hofu ya kupasuliwa. Kweli kabisa. Ningeitoa siku hiyohiyo pale stendi.

Nilimkuta Bukuru wodini. Amekonda, rangi imekuwa ya majivu, nywele zimekatwa. Alinishika mkono, akasema, "Umekuja." Hakuwahi kunishika vile.

Wakanichukua damu. Wakanichukua mkojo. Wakanipima presha, yule nesi akapima tena, akamwita mwenzake.

Baada ya siku chache daktari akaniita ofisini, akafunga mlango. Mtu mpole, anaongea chini.

"Mama, wewe unajua kwamba ni mgonjwa?"

Nikasema nina presha kidogo.

"Siyo kidogo. Na figo zako zinavujisha protini, nguvu zake zimeshuka sana. Bado zinakutosha kuishi ukifuata dawa. Lakini hatuwezi kuchukua moja. Tukichukua, tutakuwa na wagonjwa wawili kwenye mashine."

Nikamwambia lakini sisi ni pacha.

"Najua," akasema. Halafu akaniuliza, "Na wewe ulitumia alivyotumia yeye?"

Nikasema ndiyo.

Hakunigombeza. Aliandika kitu, akaniuliza kwa nini nilitumia na ninajua nina presha. Mtu aliyesoma ningemwambiaje? Kwamba MC alikosea kunitambulisha?

Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka nikaishiwa machozi, ndipo nikaingia wodini.

Bukuru alikuwa ameinuliwa mto. Akaniangalia usoni, na usoni kwangu hakuna siri kwake.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

"Presha?"

"Presha na figo. Wanasema zimechoka."

Akawa kama anapiga hesabu. "Lakini kwangu ulikuwa unakuja mara moja moja. Mimi ndiyo nilikuwa natundikiwa sana. Wewe zimechokaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu Mama Dripu kuja Kasulu, na vidonge, yote.

"Ulikuwa unaongeza?"

"Ego."

"Kwa nini, Butoyi?"

"Ulikuwa bado unanizidi."

Alicheka, wakuu. Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Alicheka kile kicheko chetu cha Makere, machozi yakamtoka, akashika ubavu. Nami nikaanza kucheka, sijui nilikuwa nacheka nini.

Alipotulia nikamuuliza, "Kwa nini siku ile hukukataa? Ungeninyima tu."

"Lini uliwahi kukubali kunyimwa wewe?"

Halafu akageukia ukutani. Akasema polepole, bila hasira, "Mmoja wetu angekubali tu kuzeeka."

Aliishi kwenye mashine mpaka mwanzoni mwa mwaka huu wa 2015. Ndugu wengine walipimwa, hakupatikana. Tulimzika Kibondo.

Siku ya kuaga mwili watu walipita kumwangalia, na wanawake wa Kibondo wakawa wanasema kwa sauti, "Yoo, amekufa bado msichana." Walimpaka vizuri, walimvalisha lile gauni la machungwa. Nilisimama karibu na kichwa chake, na nitasema hili ndipo mnitukane vizuri. Nilimwonea wivu. Amelala pale kwenye jeneza, nami nikamwonea wivu ngozi yake.

Huu ugonjwa hauponi kwa msiba, msidanganyike.

Mimi sasa nahudhuria kliniki, nameza dawa za presha kila siku, chumvi nimepunguza. Uso umerudi kwenye umri wake na umeongeza kidogo. Mama mpaka leo hajui ile simu ilifanya nini, na sitamwambia.

Niwape nilichojifunza, hasa wewe dada mwenye ule uzi.

Sisemi kila anayetundikiwa atakufa. Wapo wanaotumia miaka na wanadunda. Daktari mwenyewe aliniambia vitamini ni kitu chema, dripu ni kitu chema, ila ni vya mtu aliyepimwa akaonekana anavihitaji, na mikononi mwa anayejua anachoingiza. Faida niliyoipata ilikuwa uso wa miezi michache. Kama ni lazima, nenda hospitali kwanza upimwe presha, sukari na figo, na uwaambie ukweli unataka kufanya nini. Watakucheka kidogo. Kubali kuchekwa. Chupa ambayo huwezi kusoma imeandikwa nini isiingie kwenye mshipa wako. Na mtu anayekuambia uache dawa zako ili ya kwake ifanye kazi, mtoe nje na kikapu chake.

Ila hayo yote mimi ningeambiwa siku ile Kibondo nisingesikia. Mtu mwenye wivu anaambiwa madhara anasikia ananyimwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza inauzwa wapi, jiulize ni uso wa nani unaoufukuzia. Niliokuwa naufukuzia mimi nilikuwa naujua kwa jina.

Uwanja ni wenu sasa. Aliyetumia akabaki salama atuambie, nitamsoma, ingawa nitamwonea wivu. Aliyeumia aseme bila aibu, hapa hatujuani. Wenye utaalamu wa afya nisahihisheni pale nilipoeleza vibaya. Wa kuniambia nilizidisha dozi wasijisumbue, hilo nalijua.

Figo zangu ninazo mbili mpaka leo. Moja ilikuwa ya Bukuru.